Mdundo usilimeze Neno



Dominika ya tano ya Kwaresima, baada ya Misa ya pili, mama mmoja mzee alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Siku nne kabla alikuwa amemzika mwanawe. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Paroko, wimbo wa katikati leo ulikuwa unasemaje?" Nikamjibu kuwa ulikuwa Zaburi ya 130, zaburi ya mtu anayemlilia Mungu kutoka shimoni, ile ile tuliyoisali kwenye mazishi ya mwanawe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe! Mimi nilisikia ngoma tu."

Kwaya ilikuwa imeimba vizuri, kwa maana kwamba hakuna aliyekosea nota. Lakini mpiga kinanda aliweka mdundo wa sebene, kiitikio kikarudiwa mara nyingi, beti mbili zikaachwa, na kina mama wakapeperusha vitambaa. Kanisa zima lilichangamka. Aliyekuwa na haja kubwa na zaburi ile ndiye aliyeikosa. Wala sitawalaumu vijana wa kwaya kwanza. Kosa lilikuwa langu, paroko ambaye kwa miezi mingi sikukanyaga kwenye mazoezi yao.

Naandika haya kwa kuwa mjadala huu uko kila mahali. Siku hizi maneno ya Maandiko yanaimbwa kwa singeli, amapiano, rege na bongo fleva. Video zinapandishwa mtandaoni, na kwaya inapimwa kwa idadi ya watazamaji. Wazee wanalalamika kwamba kanisa limegeuzwa ukumbi wa dansi. Vijana wanajibu kwamba wazee wanataka tuimbe kama Wazungu wa zamani. Kila upande una ukweli kidogo, lakini naona tunagombania ala wakati kilichopotea ni maneno.

Ugomvi huu si wa jana. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakiri kwamba kuna nyakati sauti ya mwimbaji ilimgusa kuliko maneno yenyewe, na analihesabu jambo hilo kuwa dhambi. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe, maana alikumbuka machozi yaliyomtoka kanisani mwanzoni mwa imani yake. Mwaka 1562 Mtaguso wa Trento uliagiza muziki wenye harufu ya uasherati uondolewe kanisani. Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikemea muziki wa maonyesho ya jukwaani uliokuwa umeingia katika Misa, hasa huko Italia. Walioonywa hapo walikuwa Wazungu, kwa ajili ya muziki wao wenyewe.

Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, iliupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza, lakini haikuufungia nje muziki mwingine. Iliagiza pia muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni uheshimiwe. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi hii, alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo anayesema ngoma haina ruhusa kanisani amechelewa sana.

Lakini ruhusa ya ngoma si ruhusa ya kila mdundo kwa kila neno. Majirani zetu wa Kongo walituonyesha njia mapema. Mwaka 1958 huko Kamina iliimbwa Misa Luba, iliyoandaliwa na Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na waimbaji wake Wakongo. Maneno ya Misa yalibaki katika Kilatini, bali muziki ulikuwa wa kwao. Kwa "Bwana Utuhurumie" walifuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Ombi la huruma likapewa sauti ambayo watu wale tayari waliijua kuwa sauti ya kilio. Hapo muziki ulilibeba Neno hadi moyoni.

Sisemi kwamba tuimbe kwa huzuni tu. Usiku wa Mkesha wa Pasaka, Waisraeli wakishavuka bahari katika somo la Kutoka, naomba ngoma ipigwe na vigelegele visikike, kwa maana Miriamu mwenyewe alishika tari na wanawake wakamfuata wakicheza. Ngoma ile ile inayoharibu Zaburi ya 130 ndiyo inayoufaa wimbo wa Miriamu. Nanyi wazee wenzangu tusijidanganye: wimbo wa taratibu wa sauti nne, ambamo besi inasema lake na soprano lake, nao huweza kulimeza Neno kama sebene.

Baada ya maneno ya yule mama nilikwenda mazoezini, nikaomba radhi, tukapatana. Sasa kabla ya kushika nota, mmoja anasoma zaburi yote kwa sauti. Tunajiuliza: ni nani anasema hapa, naye analia au anashangilia? Ndipo mwalimu anachagua mtindo. Beti haziachwi. Wakati wa Kwaresima kinanda kinasindikiza sauti tu, kama Kanisa linavyoelekeza. Hakuna kijana aliyehama kwaya. Katika Misa ya arobaini ya marehemu waliirudia Zaburi ya 130 kwa ngoma moja iliyopigwa polepole na kiitikio kifupi. Niliona midomo ya mama yule ikitikisika. Alikuwa anaitikia.

Nawe msomaji, leo ukitoka kanisani jiulize kama alivyojiuliza yeye: zaburi ilisema nini? Kama hukumbuki, usianze kwa kuwanung'unikia wanakwaya barabarani. Fungua Biblia nyumbani uisome, kisha wiki hii mwone mwalimu wa kwaya au paroko wako, umweleze kwa upole. Huenda katika benchi lako ameketi mfiwa ambaye hana nguvu ya kuuliza.

Nawatakia Dominika njema.