Si Makorokocho Hayo!

Hivi msomaji wangu, mara ngapi umeletewa zawadi ya safari, ukaipokea kwa tabasamu, halafu moyoni ukasema, "Ah, vitu vya watalii tu hivi"? Usinifiche! Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, hadi niliposoma habari za akina mama wa Kimi'kmaq, wenyeji wa asili wa Nova Scotia na maeneo ya jirani, mashariki mwa Kanada.

Akina mama hawa wanapamba kwa miiba ya nungunungu. Ndiyo, nungunungu! Mwiba unatiwa rangi, unalainishwa kwa maji, kisha ncha zake zinapenyezwa kwenye vitundu vilivyotobolewa katika gome la mti wa birchi lenye unyevu. Gome likikauka, vitundu vinabana. Hakuna gundi, hakuna uzi. Mwiba baada ya mwiba, mpaka nyota inatokea.

Katika karne ya 18 walianza kuwauzia Wazungu: wanajeshi, wasafiri, walowezi. Wateja walitaka visanduku, vifuko vya kadi, hata mapambo ya viti, wakatengenezewa. Wangefanyaje? Ardhi na mawindo yalikuwa yanachukuliwa na wageni, na watoto lazima wale. Mmoja wao, Christianne Morris, mwaka 1868 alipamba kwa miiba kitanda cha mtoto mchanga. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya DesBrisay, mjini Bridgewater.

Wapo wanaosema kitu kikishatengenezewa soko, si cha asili tena. Jamani! Mama aliyebadilisha umbo la kisanduku ili alishe familia hakuuza utamaduni wake. Tena soko hilo hilo ndilo lililosaidia ufundi usife, na leo bado wapo Wami'kmaq wanaoufanya na kuufundisha.

Kilichoniuma ni kimoja tu. Christianne tunamjua kwa jina, lakini kazi nyingi za zamani zilizomo makumbusho hazina jina la aliyezitengeneza. Kisanduku kipo, kinang'aa, mwenye mikono hajulikani.

Kwa hiyo mwenzangu, siku mpenzi wako akikuletea zawadi ya mkono, usiulize kwanza bei. Muulize, "Nani kaitengeneza?" Na ukinunua mwenyewe, kabla hujaanza kuomba upunguziwe, uliza jina la fundi, kisha liandike nyuma ya kitu chenyewe. Wajukuu watakushukuru.

Tukutane mwezi ujao!