Mjamzito asinyimwe dawa kinga ya VVU

Dawa kinga ya VVU, maarufu kwa jina la PrEP, ni kidonge anachomeza kila siku mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Imeenea imani kwamba mjamzito asikiguse kidonge hicho, eti kitamdhuru mtoto tumboni. Imani hiyo imevaa sura ya huruma, lakini inamwacha mtoto bila kinga wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote.

Kidonge kina tenofovir pamoja na emtricitabine au lamivudine. Tenofovir na lamivudine ndizo wanazomeza wajawazito wenye VVU katika kliniki za Tanzania, ndani ya dawa za kufubaza virusi (ARV). Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa kinga mwaka 2015 kwa walio katika hatari kubwa, na mwaka 2017 likafafanua kuwa mimba na kunyonyesha si sababu ya kuizuia. Anayeikubali tenofovir kwa mjamzito mwenye virusi hana hoja ya kumnyima mwenzake aliye hatarini.

Hatari yenyewe huongezeka mimba inapokua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wenza wenye hali tofauti za VVU katika nchi kadhaa za Afrika, ulionyesha kuwa uwezekano wa mwanamke kuambukizwa kwa kila tendo la ndoa hufika takriban mara tatu mwishoni mwa mimba, na mara nne baada ya kujifungua. Mama anayeambukizwa kipindi hicho huwa na virusi vingi mno katika damu, na ni rahisi kumwambukiza mtoto tumboni au kwa maziwa. Kipimo safi cha hudhurio la kwanza hakimlindi na maambukizi ya mwezi wa saba.

Mkoa wa Kigoma una maambukizi machache kuliko wastani wa taifa, lakini wastani haumkingi mtu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani humo, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Wanawake wa kambini wamebakwa wakitafuta kuni nje ya kambi. Aliyebakwa anahitaji dawa ya dharura ndani ya saa 72, kisha aitumie kwa siku 28. Anayeishi na hatari ya kila siku, kama yule ambaye mwenza wake hataki kupima wala kutumia kondomu, anahitaji dawa kinga. Kumwambia asubiri mumewe akubali ni kumtelekeza.

Vikwazo halisi viko kwingine. Kopo la vidonge 30 hugonga likitikiswa, na nyumba ya chumba kimoja haina pa kulificha. Jirani akiliona hudhani ni ARV. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo nacho huwafanya wengine waache dozi. Hayo yanataka ushauri na usiri wa mhudumu.

Masharti ni machache: kupima VVU kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu, kuangalia figo inapowezekana, kumeza kila siku, na kutumia kondomu angalau siku 7 za mwanzo. Kondomu zinabaki muhimu, kwa kuwa kidonge hakizuii kaswende.

Kila mjamzito anayefika kliniki, iwe Nyarugusu, Kasulu au Kibondo, aulizwe kwa faragha kuhusu hatari yake na apimwe tena. Aliye hatarini apewe dawa kinga sasa, asiambiwe asubiri kujifungua.