Barabara si Gereji

Mtu anayepita asubuhi katika barabara za Ngamiani, au akielekea Makorora na Mwanzange, hatakosa kuona gari limeinuliwa mbele ya nyumba, mnyororo umefungwa kwenye tawi la mwarobaini, injini imelazwa juu ya gunia, na vipuri vimetandazwa hadi katikati ya njia. Gari hilo halikuharibika hapo kwa bahati mbaya. Limeletwa kwa makusudi, na litakaa hapo wiki nzima, pengine mwezi, likingojea kipuri kutoka Dar es Salaam.

Tungependa tueleweke vizuri. Hatumlaumu aliyepata pancha njiani au aliyezimikiwa na gari, akaweka alama zake na kuomba msaada; kumsaidia huyo ni uungwana. Tunachokikemea ni tabia ya kuifanya barabara ya umma kuwa karakana ya nyumbani: kushusha injini, kufungua giaboksi, kuchomelea mabodi na kupiga rangi, mahali ambapo watoto wanapita kwenda shule.

Mji wetu unasifika kwa baiskeli. Gari bovu likikalia upande mmja wa barabara nyembamba ya mtaa, mwendesha baiskeli hulazimika kuingia katikati, na huko hukutana uso kwa uso na bodaboda. Mtoto anayetokea nyuma ya gari lililoinuliwa haonekani na dereva mpaka amekwisha kufika mbele ya magurudumu. Usiku hatari huzidi, kwa kuwa gari lisilo na betri halina taa, na matawi ya majani yaliyowekwa nyuma yake hayang'ai gizani.

Fundi mwenyewe hayuko salama. Jeki imetengenezwa kuinua gari. Haikutengenezwa kulishikilia huku mtu amelala chini yake. Kwenye mchanga au lami iliyolainishwa na jua jeki huzama au kuteleza, na fundi hapati nafasi ya kujivuta nje. Gereji yenye sakafu ngumu na vigingi imara ni kinga ya uhai.

Kisha iko oili chafu. Gari dogo hutoa lita nne hivi, na mara nyingi huishia kwenye mfereji wa maji ya mvua, ambao hatimaye huelekea baharini, wanakovua ndugu zetu. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani huonya kwamba oili chafu ya gari moja, iliyobadilishwa mara moja tu, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Barabara nayo haisalimiki. Lami hutokana na mafuta, ndiyo sababu dizeli na petroli zikimwagika juu yake huilegeza. Kokoto zikishaachana, masika humaliza kazi. Baadhi ya barabara za Jiji letu zilijengwa chini ya Mradi wa Miji ya Kimkakati, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo huo ni deni la Taifa zima, akiwamo mkulima wa Handeni asiyemiliki hata baiskeli.

Hata hivyo hatutakuwa tumesema kweli tukiishia kwenye lawama. Mwenye gari humwita fundi nyumbani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni unafuu wa gharama. Ya pili, ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, ni hofu: anaogopa kwamba akiliacha gari gereji, atalikuta limevuliwa kipuri kizima na kuvikwa kibovu. Ndiyo maana huweka kiti barazani na kulinda injini yake kwa macho. Mafundi waaminifu, nao ni wengi, hawana budi kuwakemea wenzao wanaoichafua kazi hii, maana kila kipuri kinachoibwa gereji hurudisha gari jingine barabarani.

Fundi wa mtaani naye ana hoja yake. Ana spana na ujuzi, lakini hana kiwanja. Kumkamata leo na kumtoza faini ni kumhamisha tu kutoka barabara moja hadi nyingine.

Katika mwaka mmoja, 1973, Bunge letu lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo haimruhusu mtu kuacha gari likawazuia au kuwahatarisha wengine, na likatunga pia sheria iliyoanzisha SIDO, shirika la kuwaendeleza wenye viwanda vidogo. Mkono mmoja wa Serikali ulikataza, wa pili ulisaidia. Kosa letu ni kuukumbuka wa kwanza siku ya msako, na kuusahau wa pili siku ya kugawa viwanja.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Halmashauri ya Jiji itenge eneo katika kila kata, lenye sakafu, choo na mapipa ya kukusanyia oili chafu, na ada yake iwe ile ambayo fundi mdogo ataimudu. VETA, ambayo huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, iwafuate huko huko, ili mwenye gari ajue anamkabidhi nani mali yake. Maeneo yakishakuwa tayari, sheria ifuate mkondo wake bila kuangalia sura ya mtu. Na wa kwanza kuulizwa awe mwenye gari, kwa maana yeye ndiye aliyeamua kazi ifanyikie wapi.

Wakati tukingojea hayo, wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi wanayo kazi ya kufanya leo. Waende kwa jirani mwenye gari juu ya mawe, wamsemeshe kwa adabu, na wamsaidie kulisukuma hadi uani au kwenye kiwanja kilicho wazi kwa ridhaa ya mwenyewe. Kiongozi mwenye gari la namna hiyo mlangoni kwake aanze na lake.

Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba kuondoa njiani kitu chenye kuwadhuru watu ni sehemu ya imani. Maalimu wetu alitaja mwiba na jiwe. Leo jiwe lenyewe tumelitia chini ya gari, na njia ya watu wote tumeifunga kwa faida ya mtu mmoja. Tuifungue.