Msamaria na Mwenye Nyumba ya Wageni



Kila mwaka parokia nyingi za nchi yetu hupokea barua kutoka Ulaya na Marekani. Madaktari, wauguzi na wanafunzi wa udaktari, kwa baraka za maparoko wao, huomba kuja kutibu wagonjwa kwa juma moja au mawili kwa jina la Kristo. Barua nyingine huandikwa na wana wetu wenyewe, wauguzi Watanzania wanaofanya kazi ng'ambo na wanaotamani kuitumikia ardhi iliyowazaa. Tunaziheshimu barua hizo. Hata hivyo, juma hili tunapenda kulisema waziwazi jambo ambalo, kwa adabu ya ukarimu wetu, huwa tunalimeza.

Tunapoutafakari mfano wa Msamaria Mwema, macho yetu yote humwelekea msafiri mwenye huruma. Tunamsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alikuwa na safari yake. Aliyafunga majeraha, akakesha usiku mmoja, na kesho yake akaondoka. Aliyebaki na kazi ya kumlisha majeruhi na kumgeuza kitandani ni yule mwenye nyumba, ambaye mpaka leo hatujasikia hospitali iliyopewa jina lake. Msamaria hakuona haya kumkabidhi mgonjwa. Alimwachia dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Kwa maoni yetu, safari yoyote ya kujitolea katika afya na ipimwe hapo: je, mgeni anamtambua mwenye nyumba?

Jirani zetu wa Uganda wanao mfano ambao hatuchoki kuusimulia. Mwaka 1961 daktari mpasuaji kutoka Montréal, Canada, Lucille Teasdale, aliombwa na mwenzake Mwitaliano, Piero Corti, aje kwa miezi michache tu kuanzisha huduma ya upasuaji huko Lacor, karibu na mji wa Gulu. Hospitali hiyo ilikuwa changa, imeanzishwa na Wamisionari wa Comboni mwaka 1959. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama huyu alipewa jembe lake, akafunga ndoa na Daktari Corti katika kikanisa cha hospitali, na hakulitua jembe hilo mpaka nguvu zilipomwishia. Katika miaka ya vita aliwapasua majeruhi wengi, na ni katika kazi hiyo alipoambukizwa virusi vya UKIMWI. Aligundulika mwaka 1985, akaendelea kuhudumia wagonjwa, akafariki dunia mwaka 1996.

Lakini sisi hatuusimulii mfano huu kwa ajili ya kifo chake tu. Tunausimulia kwa ajili ya Daktari Matthew Lukwiya, Mwacholi, aliyefika Lacor katika miaka ya 1980 akiwa daktari kijana, akalelewa na wanandoa hao katika kazi na hatimaye akakabidhiwa uongozi wa hospitali. Ugonjwa usiojulikana ulipoanza kuwaua wanafunzi wa uuguzi mwaka 2000, yeye alikuwa masomoni Kampala. Alirudi kwa simu moja, akautambua kuwa ni Ebola, akaongoza mapambano, na tarehe 5 Desemba mwaka huohuo Ebola ikamchukua yeye mwenyewe. Amezikwa Lacor, kando ya Lucille. Wageni wale walikuwa wamemwandaa mwenye nyumba. Ndiyo maana siku ya msiba mkubwa nyumba haikukosa mwenyewe.

Tusieleweke vibaya. Si kila mtu anaweza kuhama nchi, na wala Mungu hamdai kila mtu miaka 35. Daktari bingwa anayekuja kwa siku kumi kuondoa mtoto wa jicho au kushona midomo sungura humrudishia mtu uso wake na nuru yake, nasi tumeshuhudia furaha hiyo. Ufupi wa safari si dhambi. Tatizo ni pale kundi linapofika bila kuulizwa kama linahitajika, wauguzi wachache wa zahanati wakaacha wodi ili wawe wakalimani, na baada ya ndege kuondoka mgonjwa akarudi na kidonda chenye usaha, wala hakuna aliyeachiwa maandishi ya kilichofanyika.

Liko kubwa zaidi. Huko Jinja, Uganda, mwaka 2019 akina mama wawili walifungua kesi dhidi ya shirika la kidini lililoongozwa na kijana Mmarekani asiyesomea utabibu, wakidai kwamba watoto wao wenye utapiamlo walifariki baada ya kuhudumiwa humo. Kijana huyo alikanusha, na shauri liliisha mwaka 2020 kwa makubaliano ya kulipa fedha bila kukiri kosa. Hatuhukumu nia ya mtu. Tunauliza tu: ni nchi gani ya Ulaya ingemruhusu Mwafrika asiye na cheti kumgusa mtoto mgonjwa, hata akiwa na rozari mkononi?

Sheria ya Tanzania iko wazi. Daktari mgeni, hata wa siku chache, husajiliwa kwanza na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuhusu dawa za msaada, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu mwaka 1996: dawa ziwe zimebakiwa na angalau mwaka mmoja zinapowasili, na maandishi yake yawe katika lugha inayoeleweka na wahudumu wa nchi inayopokea. Yako masanduku ya dawa yaliyofika yakiwa yamebakiza majuma machache, na kuyateketeza ni gharama ya aliyepokea. Tunajua kwamba maskini huona vigumu kukataa zawadi. Basi sisi mapadre, ambao barua hutufikia kwanza, hatuna budi kukataa kwa niaba yake.

Kwa hiyo, ndugu mnaotuandikia, tunawaomba mtaje katika barua ujuzi mlio nao, namba zenu za usajili, na jina la mhudumu wa hapa mtakayefanya naye kazi bega kwa bega. Barua tutaipeleka kwa mganga mfawidhi kabla ya kujibu. Naye akisema kwamba mwezi huo ni wa chanjo na wauguzi wote wako vijijini, tutawaandikia kwamba mwezi huo haufai, na kwamba mnakaribishwa ule unaofuata.