Barua ya Wazi kwa Jopo la Mafao ya Bima ya Afya: Unene Nao ni Maradhi, Hata Turkana

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Jopo la Ushauri wa Mafao na Ada za Bima ya Afya,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Lamu, niliyeletwa Lodwar na serikali kusomesha watoto na nikasalia hapa kwa hiari yangu hata baada ya serikali kunitua mzigo. Nawaandikieni hadharani, si kwa kukosa njia ya kuwafikia faraghani, bali kwa kuwa jambo ninalolitaka si langu peke yangu, na ni insafu wale linalowahusu, wa Lodwar na wa Kakuma, walisikie likisemwa. Jambo lenyewe ni hili: mtakapokaa tena kushauri ni matibabu gani yatakayolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, msiiache nje ile sindano ya kila juma ipunguzayo sukari ya damu na uzito wa mwili, kwa wale ambao tabibu amewaandikia kwa maradhi yanayojulikana, wala msidhani kwamba ombi hilo, kwa kuwa linatoka Turkana, ni mzaha.

Najua litakavyopokewa. Turkana katika fikira za Wakenya wengi ni picha moja tu, ya mtoto aliyekonda, mzoga wa mbuzi na gunia la msaada, na mtu akisimama katikati ya picha hiyo kuomba dawa ya kupunguza unene huonekana kama aliyerukwa na akili. Picha hiyo si ya uongo. Mvua zilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, zikaangamiza mifugo na kuwaacha watu mikono mitupu, na hadi leo mhudumu wa lishe akiingia kijijini jambo la kwanza ni kutoa ule utepe wenye rangi nyekundu, manjano na kijani, auzungushe mkononi mwa mtoto. Walakini kwa utepe huo hupimwa mtoto, na mara nyingi mama aliyempakata mtoto huyo, ambaye hapana anayempima, ana presha, ana sukari, na mkono wake ni mnene kiasi kwamba kile kitambaa cha mashine ya presha hakifungiki sawasawa, kikadanganya kipimo kwa kuonyesha damu imepanda kuliko ilivyo. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hapa kwetu wamo katika nyumba moja, wanakula sufuria moja, na wote wawili ni wagonjwa.

Mnaweza kuuliza imekuwaje. Mwaka 2020 wataalamu, miongoni mwao Amanda Lea, Dino Martins na Julien Ayroles, walichapisha katika jarida la Science Advances matokeo ya kuwapima Waturkana wa hali mbalimbali: wanaochunga hadi leo, walioacha kuchunga lakini wangali mashambani, na waliohamia mijini. Wachungaji, ambao sehemu kubwa ya chakula chao ni maziwa, nyama na damu ya mifugo, walikutwa na siha njema ya moyo na mishipa. Wale wa mashambani walioacha kuchunga hawakuwa mbali nao. Walioharibikiwa ni wa mijini, na aliyezaliwa na kukulia mjini aliharibikiwa zaidi. Maana yake ni kwamba mwili ulioumbika kwa vizazi vingi kustahimili jua, kiu na mwendo, ukiketishwa kitako ukapewa unga mweupe, mafuta ya kukaangia na chai yenye sukari vijiko vinne, hauna ulinzi. Wala watu hawa hawakuketi kwa uvivu. Mifugo ikifa, mchungaji huingia Lodwar, kwa kuwa ndiko uliko mji, naye hula kile ambacho pesa yake ndogo inaweza kununua, na pesa ndogo hununua ugali na mandazi, hainunui nyama.

Kakuma ina kisa chake. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Watu walioingia humo watoto sasa wana wajukuu. Muda wote huo riziki ya wengi imekuwa nafaka, maharagwe na mafuta, au fedha za kununulia vitu hivyohivyo dukani, na mwaka 2025 hata huo mgao ukapunguzwa, ikafika miezi ulipokuwa chini ya thuluthi ya kipimo cha kawaida. Anayefikiri kwamba mgao ukipunguzwa watu hukonda sawasawa hajawahi kuishi kwa mgao. Kinachotoka kwanza katika sinia ni mboga, kisha samaki na maziwa. Kinachobaki ni wanga, nao huliwa mwingi siku ulipo kwa hofu ya siku usipokuwapo. Miaka nenda miaka rudi ya maisha hayo humwacha mtu mzima na tumbo kubwa, damu yenye sukari na kongosho lililochoka, naye bado ana njaa.

Sasa niiseme dawa yenyewe, maana imevumishwa mno na waliovumisha wengine ni wauzaji. Semaglutaidi ilitengenezwa kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Hufanana na homoni ya utumbo, huamsha kongosho litoe insulini wakati sukari imepanda, huchelewesha chakula tumboni, na hupunguza hamu ya kula. Watu wakaona wagonjwa wanapungua uzito, kampuni ikaifanyia utafiti kwa unene peke yake, na leo sindano yake inauzwa kwa majina mawili, Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa unene. Hapo ndipo mashirika ya bima duniani yalipopata mlango wa kutokea. Marekani, sheria ya mwaka 2003 iliyounda mafao ya dawa kwa wazee ilizitoa nje dawa za kupunguza uzito, kana kwamba ni wanja na poda. Ikabidi wasubiri hadi Machi 2024 ndipo bima ya wazee iruhusiwe kuilipia Wegovy, na hapo ni kwa mnene mwenye maradhi ya moyo peke yake. Miaka ishirini na ushei ya kuzunguka ua uliojengwa kwa neno moja la sheria. Sisi mfumo wetu ulianza tarehe 1 Oktoba 2024, ungali mchanga, na hatuna sababu ya kujenga ua huo huo.

Ua huo, kwa hakika, umekwisha kuonekana hapa. Karani mmoja wa Lodwar ninayemfahamu, mwenye kisukari cha miaka mingi na figo zilizoanza kuvujisha protini, amekatiwa bima ya ziada na mwajiri wake. Daktari alimwandikia sindano hii, na juu ya cheti akaandika kwa mkono wake: kisukari, figo. Jibu la kampuni, ambayo sitaitaja, lilikuwa sentensi moja, kwamba matibabu ya kupunguza uzito hayamo katika mkataba. Mwenye kuliandika hakusoma cheti. Alisoma jina la dawa, akakumbuka picha za wacheza sinema waliokonda. Karani yule alichanga na ndugu zake, akaagiza sindano moja kutoka Eldoret, ikaja kwa basi la usiku ndani ya chupa ya chai, imefungwa taulo ili isigusane na barafu, kwa sababu dawa hii ikiganda imeharibika. Ilipokwisha hakuagiza nyingine.

Hapa naomba wasaa wenu kidogo, maana hoja yangu kubwa ni ya hesabu wala si ya huruma. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 3,533 wenye kisukari cha aina ya pili na figo zilizokwisha kuathirika; waliodungwa semaglutaidi walipungukiwa kwa asilimia 24 na hatari ya figo kuharibika vibaya, au kufa kwa ajili ya figo au moyo, wakilinganishwa na waliodungwa dawa isiyo na nguvu. Figo zikishakufa, mfuko wenu unalipa. Unalipa zaidi ya shilingi 10,000 kwa kila kikao cha kusafisha damu, na kwa vikao viwili kila juma fedha hizo zinapita milioni moja kwa mwaka kwa mtu mmoja, haijahesabiwa nauli, wala mtu wa kumshika mkono njiani, wala siku za kazi zilizopotea. Basi mfuko huo huo ambao haukuona haya kulipa milioni baada ya figo kufa unaonaje haya kulipa sehemu yake zikiwa hai? Fedha hizi ni zetu: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na mwenye kibanda sokoni hatoi chini ya shilingi 300 kwa mwezi hata kama mwezi huo hakuuza kikapu kimoja cha makuti ya mkoma.

Wala siombi mlipie urembo. Anayetaka kupungua kwa ajili ya harusi na alipe mwenyewe, tena ajihadhari, maana Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic za bandia zilizokamatwa katika nchi mbalimbali. Shirika hilo hilo, Septemba 2025, liliiingiza semaglutaidi na dawa za jamii yake katika orodha ya dawa muhimu, na likaweka mpaka ulio wazi: mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, pamoja na unene, pamoja na maradhi ya moyo au ya figo. Desemba mwaka huo likatoa mwongozo juu ya kuzitumia kwa unene wenyewe, kwa masharti, pamoja na msaada wa chakula na mwendo. Mimi naomba mpaka wa Septemba tu, si zaidi. Na kabla ya huo naomba metfomini, insulini na vijiti vya kupimia sukari visikatike katika zahanati, kwa sababu ni aibu kumlipia mtu dawa ya mwisho naye hajawahi kupewa ya kwanza.

Mtaniambia ni ghali. Ni ghali, lakini bei hii haikuteremka kutoka mbinguni. Hataza ya dawa hii inafikia ukomo mwaka 2026 katika baadhi ya nchi kubwa zitengenezazo dawa, zikiwemo India na China, na watengenezaji wengine wanaingia sokoni. Serikali inayo KEMSA, kazi yake ni kununua dawa kwa wingi kwa ajili ya hospitali za umma. Mnunuzi wa nchi nzima akiingia sokoni na orodha ya wagonjwa waliokwisha kuandikishwa, hauziwi kwa bei anayouziwa karani wa Lodwar.

Mtaniambia pia kwamba joto la huku litaiharibu. Hili ni la kweli kwa nusu. Dawa kabla ya kufunguliwa hutaka jokofu, na ikishafunguliwa haitaki joto lipite nyuzi 30, ilhali Lodwar mchana kivulini hupita 35. Lakini watu wa insulini wamekwisha kutufundisha: wanaweka chupa ndani ya chungu cha udongo kilichozikwa katika mchanga mbichi, wanamwagia maji asubuhi na jioni, na wataalamu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipoipima insulini katika joto linalopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37, kama lile la kambi ya Dagahaley kule Dadaab, mwaka 2021 walitangaza kwamba kwa majuma manne haikupoteza nguvu. Jaribio hilo lilikuwa la insulini, si la semaglutaidi, na sitaki kulivuta lisikofika. Ila semaglutaidi hudungwa mara moja tu kwa juma. Mgonjwa anaweza kuiacha katika jokofu la zahanati, lile lile lihifadhilo chanjo za watoto au jingine la jua kando yake, akaenda kudungwa na muuguzi siku ya soko. Kwa njia hiyo atapimwa presha, atapimwa uzito, ataulizwa amekula nini, na dawa haitauzwa barabarani.

Kuhusu walioko Kakuma nasema machache. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinataka wenyeji na wageni watumie hospitali moja. Basi aliyeandikishwa katika bima na kuchangia asiulizwe alizaliwa upande gani wa mpaka wa Nadapal, na kipimo cha figo yake kiwe ndicho kitakachoamua.

Ninayowaomba, Waheshimiwa, ni haya. Itajeni dawa hii katika mafao yajayo kwa jina la ugonjwa inaoutibu na si kwa jina la uzito. Waiteni wauguzi wa Lodwar na Kakuma mbele yenu kabla hamjakata shauri. Na mkiamua kukataa, andikeni sababu zenu kwa Kiswahili, mzibandike katika kila zahanati ya kaunti hii, ili mgonjwa ajue amekataliwa kwa hoja gani na aweze kuijibu.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Lodwar, Kaunti ya Turkana.