Nani Amelipima Dungu?

Wako wasomi wenzetu wanaodhani kwamba kuchora nyumba ni kazi ya mwisho: fikra hukamilika kichwani, kisha mchoro hupeleka amri kwa fundi. Sisi twapinga. Kuichora nyumba iliyokwisha kusimama ni namna ya kuihoji, na taifa lisilozihoji nyumba zake litaendelea kujengewa na watu wasioijua ardhi yake.

Tuanzie hapa Malinyi. Bonde la Kilombero hufurika wakati wa masika, na wakulima wa mpunga huhamia mashambani kwa miezi kadhaa, wakakaa katika madungu: vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, vyenye sakafu ya fito na paa la nyasi. Mpita njia huona umaskini tu. Lakini mwanafunzi atakayeshika futi kamba na penseli, akalichora dungu kana kwamba limepasuliwa kwa msumeno toka paani hadi ardhini, atalazimika kujibu maswali ambayo macho huyaruka. Sakafu imepita kwa kiasi gani alama ya maji ya mwaka jana? Upepo waingia wapi, watokea wapi? Penseli haiwezi kusema "hivi hivi tu". Kila mstari lazima uishie mahali.

Hasara ya kutouliza tumeiona. Mwaka mmoja tuliletewa ramani ya nyumba ya mtumishi, safi, yenye mihuri yote. Aliyeichora hakuwahi kukanyaga udongo wetu. Sakafu ikawa chini ya njia ya maji, na masika ya kwanza mtumishi alilala juu ya meza. (Mihuri haikulowa, ilikuwa ofisini.)

Ng'ambo ya mto, huko Ifakara, watafiti wameonyesha kwamba mbu wa malaria hupenya hasa katika uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Basi uzibwe? Atakayeuziba bila kuuchora atasahau kwamba ndimo moshi na joto vinamotokea. Katika kijiji cha Magoda, Tanga, msanifu majengo Mdenmaki, Jakob Knudsen, na wenzake walijenga nyumba za majaribio zenye vyumba vilivyoinuliwa na kuta zipitishazo hewa, na mbu walioingia wakapungua. Kazi njema. Ila wazo la kuinua nyumba lilichukuliwa Asia ya Kusini-Mashariki, hali madungu yamesimama Kilombero! Hatuwalaumu: nani alikuwa amewachorea dungu wakalisoma?

Nyumba za mawe za pwani zilipata bahati hiyo. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuwa mwanaakiolojia, alipima na kuchora misikiti na majumba ya kale, akatoa kitabu mwaka 1966. Usam Ghaidan akaufanyia mji wa Lamu kazi kama hiyo katika miaka ya 1970, na hifadhi ya mji ikapata pa kuanzia. Tutaambiwa kwamba fito na nyasi hazistahili, kwa kuwa hazidumu. Kwa sababu hiyo hiyo zipimwe sasa.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa bonde hili Jumamosi moja tu kabla ya maji kujaa. Wanafunzi wamwamkie mwenye dungu, waombe ruhusa, wapime. Mchoro usifungiwe kabatini; wamrudishie mzee yule aliyelijenga, naye awasahihishe kwa kijiti, pale pale mchangani.