Sabuni ya Kung'arisha na Watoto wa Shule

Wazazi wakristo, kuna kati yetu wanaompakaa binti wa shule dawa ya kung'arisha ngozi, ati apendeze siku ya Komunyo ya kwanza. Nasema wazi: huko ni kumtilia sumu. Nyingine katika sabuni na mafuta hayo zina zebaki, ile ile ambayo wachimba dhahabu huikamatia dhahabu. Huingia kwa ngozi, huharibu mafigo. Hata mtoto asiyepakwa huipata katika taulo na mikono ya mama yake.

“Lakini inauzwa sokoni!” Je, soko ndilo mganga? Mapatano ya mataifa ya mwaka 2013 yaliikataza ipitapo sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 yakakazwa, isitiwe kabisa. Wauzaji wengine hawaiandiki juu ya chupa. Na wewe mwalimu, acha kumsifu darasani mtoto mweupe kuliko wenzake.